Milimani: Jina na Kimo Katika Mji wa Kisumu

Mgeni autazamaye mji wa Kisumu kutoka vilima vya Riat, upande wa kaskazini, huyaona yote kwa pamoja: ghuba ya Winam, bandari, reli, na karibu na maji, mwinuko mdogo uitwao Milimani. Wingi wa neno mlima, pamoja na kiambishi -ni cha mahali, huahidi nchi ya vilele. Lakini milima halisi ni ile anakosimama mtazamaji.

Maana ya jina hilo, basi, yafaa itafutwe katika historia. Reli ilipofika ziwani mwezi wa Desemba 1901, kituo kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya mke wa Ronald Preston, msimamizi wa utandikaji wa reli. Katika miji ya kikoloni makazi yaligawanywa kwa rangi, na Wazungu wakajitwalia miinuko yenye upepo na mandhari. Nairobi, Nakuru na Kitale nazo zina Milimani zao. Jina hilo, kwa hiyo, lapima cheo kuliko kimo.

Baada ya uhuru wa 1963, nyumba zilipata wakazi wapya wenye vyeo na mali; jina halikubadilika. Port Florence limetoweka, na Kisumu, jina lihusishwalo na neno la Kijaluo la kubadilishana chakula, limebaki. Milimani nalo limedumu bila kupingwa, kwa kuwa ni Kiswahili fasaha. Hivyo lugha ya wote imehifadhi mpaka uliowekwa na wachache.