Kenya: Deni la matibabu linapomfikisha mtu kwenye ufilisi

Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 inamruhusu mtu binafsi aliyelemewa na madeni, yakiwemo ya matibabu, kuiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa mufilisi. Hata hivyo, neno hilo lingali na aibu yake, na familia nyingi huuza ng'ombe na kipande cha shamba kabla ya kulitamka.

Mwombaji huwasilisha maelezo ya hali yake ya kifedha: mali, mapato, na kila anayemdai pamoja na kiasi. Akishatangazwa, wadai wasio na dhamana, hospitali ikiwa miongoni mwao, huzuiwa kuendelea kumdai kwa njia ya kesi. Mali zake hukabidhiwa msimamizi, mara nyingi Mpokezi Rasmi wa serikali, ili ziuzwe na wadai wagawiwe. Vifaa vya kazi, nguo, matandiko na vyombo vya lazima vya nyumbani haviguswi. Katika kipindi hicho hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia. Miaka 3 baada ya kuwasilisha maelezo yake, pasipokuwa na pingamizi, hali ya ufilisi hukoma na madeni yake mengi hufutika.

Ugumu hasa uko kwingine: deni la matibabu halikai hospitalini kwa muda mrefu. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani jijini Nairobi, aliamua kwamba kumzuia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Lakini hofu ya kuzuiliwa haijaisha, na harambee isipotosha, familia hukopa: benki kwa hati ya shamba, Sacco kwa udhamini wa wafanyakazi wenzao. Bili hulipwa, na deni hubadili sura.

Badiliko hilo lina gharama kubwa kisheria. Mdai mwenye dhamana hubaki na haki juu ya dhamana yake, hivyo benki yaweza kuliuza shamba hata mkopaji akiwa mufilisi. Wadhamini nao hawaachiliwi. Mwalimu aliyefutiwa mkopo wa upasuaji wa mama yake huenda akakutana kila asubuhi, katika chumba cha walimu, na wenzake watatu ambao akiba zao zinakatwa kuulipa. Ndiyo maana ushauri wa kisheria una manufaa zaidi wakati deni lingali la hospitali, kabla hati haijatoka kabatini.

Ufilisi wenyewe si njia pekee. Mdaiwa mwenye kipato anaweza kupendekeza mpango wa hiari wa kulipa kidogo kidogo, ambao wadai huupigia kura. Asiye na mali yoyote ya kuuzwa, na ambaye madeni yake yote hayavuki kiwango kilichowekwa na sheria, anaweza kuomba utaratibu mwepesi unaofikia kikomo baada ya miezi 12. Kiwango hicho kinamfaa aliyelazwa siku chache. Mgonjwa wa saratani, ambaye bili yake huweza kukivuka mapema, hulazimika kurudi kwenye njia ndefu ya miaka 3.