Sumaku ya gari bovu na likembe: jinsi wahamiaji wa Kinshasa walivyojitengenezea sauti

KINSHASA – Leo kijana wa Goma, Bukavu au Kisangani akitaka muziki wenye nguvu, anatafuta batri ya gari, ampli na bafle, anaunga waya, na mtaa wote unasikia. Wengi wanafikiri ufundi huu ulikuja juzi pamoja na magari ya mitumba. Lakini historia inaonyesha kwamba mjini Kinshasa watu walikuwa wanafanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960, tena kwa vipuri ambavyo wengine walikuwa wamevitupa.

Historia hii inahusu Bazombo. Ni watu wa jamii ya Bakongo, ambao nchi yao ilikatwa vipande viwili na mpaka ambao wakoloni waliuchora kati ya Kongo na Angola. Tangu zamani Bazombo walikuwa wafanyabiashara, wakivuka kwenda na kurudi. Mwezi wa tatu mwaka 1961, vita vya kupigania uhuru vikalipuka kaskazini mwa Angola. Jeshi la Ureno lilijibu kwa ukali, vijiji vikachomwa, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Kongo. Wengi walifika Léopoldville, wakakuta ndugu zao waliokuwa wametangulia.

Mtu anayekimbia habebi vitu vingi. Lakini nyimbo za kwao zinabaki kichwani. Bazombo walikuwa na muziki wa mababu uliopigwa kwa pembe za ndovu. Mjini pembe hizo hazikupatikana kirahisi. Mwanamuziki mmoja, Mawangu Mingiedi, akazihamishia zile nyimbo kwenye likembe, kile kisanduku kidogo chenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Mwaka 1966, mwaka ule ule Léopoldville ilipopewa jina la Kinshasa, akaanzisha kundi linalojulikana kama Konono N°1.

Hapo tatizo likaonekana. Likembe ina sauti ndogo. Kijijini, usiku, inasikika vizuri. Mjini kuna magari, baa, redio na kelele za watu, likembe inamezwa. Wakati huo orkestra za rumba, kama OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, zilikuwa na magitaa ya umeme na ampli za kununua dukani. Kwa mtu wa hali ya chini vyombo hivyo vilikuwa ghali mno. Kundi la Mingiedi halikusubiri kusaidiwa. Lilikwenda kutafuta kwenye magari mabovu.

Kutoka huko lilipata sumaku. Kazi yenyewe inaeleweka bila shule kubwa. Ukizungusha waya mwembamba wa shaba karibu na sumaku, kisha ukaweka kijiti cha chuma kitetemeke mbele yake, kila mtetemo unazaa umeme kidogo ndani ya waya. Huo ndio mwanzo wa mikro ya gitaa la umeme, na ndivyo vijiti vya likembe vilivyopata mdomo. Mikro za kuimbia nazo walizichonga kwa mti, wakatia sumaku ndani. Umeme ule mdogo unapita kwenye ampli, ambayo inauongezea nguvu. Mwishoni unafika kwenye spika, na huko kazi inageuka: umeme unapita kwenye waya uliozungushwa, waya unasukumana na sumaku, na hewa inatikisika. Kwa hiyo mikro na spika ni ndugu. Mmoja anasikia, mwingine anasema.

Kwa kutolea sauti, Konono walitumia vipaza sauti vya pembe vya tangu enzi ya ukoloni, ambavyo Kinshasa vinaitwa lance-voix. Chaguo hilo lilikuwa na faida yake. Bafle la kawaida linageuza sehemu ndogo sana ya umeme kuwa sauti, mara nyingi karibu asilimia 1 tu. Pembe inaweza kufika asilimia 10 na zaidi. Kwa hiyo ampli dogo likiwa na pembe linaweza kusikika mbali kuliko bafle kubwa. Sauti yake inakwaruza, kweli. Lakini Konono hawakuuficha ule mkwaruzo, waliufanya kuwa sehemu ya muziki. Waliongeza ngoma, sufuria na vyuma vya magari, na watu wakacheza.

Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayeunga bafle kwenye batri ya gari. Ampli la kawaida linalokula moja kwa moja volti 12 haliwezi kuvuka wati 18 hivi safi kwenye bafle la omu 4. Ndiyo maana ampli kubwa za magari zina kifaa cha ndani cha kupandisha volti kwanza, na zinakausha batri haraka. Pia, ukiunga bafle mbili za omu 4 sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampli linaona omu 2 na umeme unaoombwa unakuwa mara mbili. Ampli lisilotengenezwa kwa hilo linachemka, hata kuungua. Ukiziunga kwa kufuatana, inakuwa omu 8 na ampli linapumua. Na fyuzi iwekwe karibu kabisa na chanya ya batri, maana waya ukigusana bila fyuzi, moto unaweza kuanza. Na penye hema au nyumba ya mbao, moto haungoji.

Mwaka 1978 Mfaransa Bernard Treton alirekodi muziki wa Konono mjini Kinshasa. Baadaye Mbelgiji Vincent Kenis, ambaye alikuwa amesikia muziki huo, alikuja kuwatafuta. Akawakuta na kurekodi nao albamu ya Congotronics. Mwaka 2006 walipata tuzo ya BBC ya muziki wa dunia. Mwaka 2007 walisikika kwenye albamu ya Björk kutoka Iceland, na mwaka 2011 wimbo walioshiriki pamoja na Herbie Hancock ulipata tuzo ya Grammy nchini Marekani.

Mingiedi alifariki mwaka 2015, na mwanaye Augustin aliyekuwa ameshika uongozi akafariki mwaka 2017. Lakini njia waliyoifungua haikufungwa. Makundi mengine, kama Kasai Allstars, nayo yanapiga likembe za umeme.

Kwa familia zilizoacha vijiji vyao kwa sababu ya vita, historia hii ina neno lake. Waliofika mjini mikono mitupu hawakuuacha muziki wa wazee wao ufe kwa kukosa pesa ya vyombo. Waliuongezea sauti kwa kile walichokiokota, mpaka mji uliowapokea ukausikia, na baadaye dunia.