Mahari kwenye hadithi za kale: almasi, shamba la nyoka na dhahabu ya usiku

Wanaodhani mahari ya kutisha ni mambo ya leo wazisome hadithi za kale. Huko nako vijana walitajiwa masharti ya kukimbiza mtu.

Kwanza, tofauti. Mahari hutoka upande wa mwanamume. Sehemu nyingi za Ulaya ilikuwa kinyume: binti ndiye aliyetakiwa kwenda na mali kutoka kwao.

Zanzibar: almasi
Kisa cha Sultani Darai kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Masikini anayechakura jaani ananunua paa. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa Sultani na kumposea bwana wake binti. Ndoa inafungwa. Lakini paa alipougua, bwana alimdharau hadi akafa. Mkewe ndiye aliyemhurumia na kumtunza. Mwisho jamaa akajikuta yuko jaani kama mwanzo, mke hayupo.

Finland: shamba la nyoka
Katika Kalevala, utenzi uliotungwa na Elias Lönnrot kutokana na nyimbo za wananchi, anayetaja masharti ni mama, Louhi. Mhunzi Ilmarinen alishamfulia Sampo, chombo cha ajabu cha kuleta utajiri. Bado akaambiwa alime shamba lililojaa nyoka, akamate dubu na mbwa mwitu, kisha avue samaki mkubwa kwenye mto wa wafu. Aliweza vipi? Binti mwenyewe alishamchagua, akawa anampa mbinu kila hatua.

Patara: dhahabu ya usiku
Patara iko Uturuki ya leo. Simulizi ya Mtakatifu Nikolao inamtaja baba fukara mwenye mabinti watatu. Bila mali ya kuwaozesha, alifikia kutaka kuwaingiza kwenye ukahaba. Nikolao akamrushia mifuko ya dhahabu usiku, kimyakimya. Huyo ndiye asili ya Santa Claus.

Zinafundisha nini?
Ukiziangalia vizuri, bei haijengi ndoa peke yake. Almasi ilimpa masikini mke, ila kukosa shukrani kukampokonya. Ilmarinen alishinda kwa sababu binti alimtaka. Na kwa wale mabinti wa Patara, kukosa mali nusura kuwagharimu utu wao.

Wazee wakikaa kupanga mahari, swali la hadithi hizi bado lipo: binti mwenyewe ameulizwa?