Kiazi cha Mwituni na Mama Aliyekosa Mtoto

Sokoni twawasikia wachuuzi wa mizizi wakiahidi kusafisha kizazi cha mama aliyeacha vidonge vya kupanga uzazi. Ajabu ni kwamba vidonge vya kwanza, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1960, navyo vilianzia kwenye mmea. Katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vikuu vya mwituni vya Meksiko. Baadaye huko Boston daktari John Rock, Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliwapa homoni wanawake 80 waliokosa watoto. Walipoziacha, 13 wakapata mimba. Lakini tusidanganyike: kiazi kilichochemshwa hakigeuki projesteroni mwilini, kazi hiyo ni ya maabara. Tena wengi wanaoacha vidonge hushika mimba ndani ya mwaka, pasipo mzizi wowote.