Tamthilia za Mchana: Hadithi Zilizolipiwa na Sabuni

Wanafunzi wenzangu wakitaka kuidharau tamthilia husema, "Hiyo ni ya akina mama, haina mwisho." Mimi nilitaka kujua kwa nini haina mwisho, na hapo ndipo nilipoanza kusoma historia ya tamthilia za mchana za Marekani. Katika insha hii nitaonyesha kwamba hadithi hizo hazikuwa ndefu na za polepole kwa sababu waandishi wake walikuwa wavivu. Zilitengenezwa hivyo kutokana na mambo mawili: nani aliyelipa, na msikilizaji alikuwa akifanya nini saa ile.

Tuanze na redio. Mwaka 1930 kituo cha WGN cha Chicago kilianza kurusha mchezo ulioitwa Painted Dreams. Mwandishi wake alikuwa Irna Phillips, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu. Mchezo ulisikika mchana, wakati wanawake wengi walikuwa nyumbani wakifua, wakipika na kulea watoto. Kampuni za sabuni ziligundua mapema kwamba wasikilizaji hao ndio wanunuzi wao. Mwaka 1933 ulianza mchezo wa Ma Perkins, uliolipiwa na Procter & Gamble ili kutangaza sabuni ya kufulia ya Oxydol. Watu wakaziita hadithi hizo "opera za sabuni" kwa utani, na jina likabaki mpaka leo.

Sasa tumfikirie msikilizaji huyo. Mchezo ni wa dakika 15, na yeye anasikiliza huku mikono imo ndani ya maji. Akitoka kuanika nguo, maneno yanampita. Kwa hiyo habari ilirudiwa: leo mke anamweleza jirani, kesho jirani anamweleza daktari. Sisi tunauona urudiaji huo kuwa udhaifu, lakini mimi nauona kuwa heshima kwa mtu mwenye kazi nyingi. Na ilipofika Ijumaa, hadithi ilikatwa mahali penye wasiwasi ili msikilizaji arudi Jumatatu.

Mwaka 1937 Phillips alianzisha redioni The Guiding Light, na mwaka 1952 ikaingia kwenye televisheni. Tamthilia za kwanza za televisheni zilichukua desturi za redio: dakika 15, muziki wa kinanda na vyumba vichache. Waigizaji waliigiza mubashara, kwa hiyo aliyesahau maneno hakuwa na nafasi ya kurudia. Tarehe 2 Aprili 1956 ilianza As the World Turns, iliyochukua nusu saa. Phillips hakuutumia muda ulioongezeka kuweka matukio mengi zaidi. Aliwaacha watu wazungumze polepole jikoni, kamera ikisogea karibu na nyuso zao. Tamthilia hiyo ndiyo iliyokuwa hewani tarehe 22 Novemba 1963 pale CBS ilipoikatiza kutangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi.

Mwenye kulipa alikuwa na nguvu kubwa. Mwaka 1962 Agnes Nixon, aliyejifunza kazi kwa Phillips, alitaka kuwahimiza wanawake wapimwe saratani ya mlango wa kizazi kupitia mhusika Bert wa The Guiding Light. Aliruhusiwa, lakini kwa sharti kwamba neno "saratani" lisitamkwe. Akaiandika hadithi nzima bila neno hilo, na watazamaji wakamwelewa. Baadaye Nixon alianzisha tamthilia zake mwenyewe. Katika One Life to Live, iliyoanza mwaka 1968, aliweka mwanamke mweusi aliyejificha kama mweupe. Katika All My Children, mwaka 1973, mhusika Erica Kane alitoa mimba kihalali, jambo ambalo vipindi vingi vya televisheni vya wakati ule viliogopa kuligusa. Kwa hiyo kipindi kilichodharauliwa kilisema mambo ambayo vipindi vingi vilivyoheshimiwa vilinyamazia.

Lakini si kila badiliko lilikuwa jema. Mwaka 1975 Another World ilifikia saa nzima, na nyingine zikafuata. Mikanda ya video ilikuwa imechukua nafasi ya kuigiza mubashara. Mwaka 1978 Gloria Monty alichukua usimamizi wa General Hospital, akaharakisha hadithi na kufupisha maonyesho ili kuwavuta vijana. Mwezi wa Novemba 1981 harusi ya Luke na Laura ilitazamwa na watu wapatao milioni 30. Mimi siwezi kuisifu harusi hiyo bila kutaja kwamba miaka miwili kabla, katika hadithi hiyo hiyo, Luke alimbaka Laura. Waandishi waligeuza jeraha likawa mapenzi kwa sababu watazamaji waliongezeka.

Kisha mtazamaji wa mchana akapungua. Wanawake wengi zaidi walikwenda kazini, na vituo vya televisheni viliongezeka. Mwaka 1995 kesi ya O. J. Simpson ilizikatiza tamthilia kwa miezi mingi, na baadhi ya watazamaji hawakurudi. Mwaka 2008 The Guiding Light, ambayo sasa iliitwa Guiding Light tu, ilianza kutumia kamera ndogo za kushika mkononi na kupiga picha katika mji halisi wa Peapack, New Jersey, ili kupunguza gharama. Haikutosha. Ilifungwa Septemba 2009, miaka 72 baada ya kuanza redioni. As the World Turns ilifuata mwaka 2010.

Kwetu Rwanda tunaielewa njia hii ya kusimulia. Mwaka 1999 ulianza mchezo wa redio wa Kinyarwanda uitwao Urunana, uliorushwa na BBC. Nao ni wa mfululizo, una majirani, siri na kusubiri. Tofauti ni kwamba uliandaliwa kufundisha afya ya uzazi na kujikinga na UKIMWI, si kuuza sabuni. Kazi ambayo Nixon aliifanya kwa kuzungukazunguka, hapa ikafanywa waziwazi.

Kwa hiyo, ninapoulizwa kwa nini nasoma historia ya "mambo ya akina mama", jibu langu ni hili. Mamilioni ya wanawake walifanya kazi isiyolipwa, na hadithi hizi zilikuwa karibu pekee zilizopangwa kwa kuifuata siku yao. Anayetaka kujua siku hiyo ilikuwaje anaweza kuanza kwa kutazama jinsi hadithi yao ilivyokatwa, ilivyorudiwa na ilivyosubiriwa.