Mashairi Yasiyo na Majina

Ilikuwa ada ya I. A. Richards, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge katika miaka ya 1920, kuwagawia wanafunzi wake karatasi zilizopigwa chapa mashairi, pasipo jina la mtunzi wala tarehe ya utungo, akawapa muhula wa juma moja wayasome kadiri wapendavyo, kisha wamwandikie wameyafahamuje na wameyaonaje. Hati hizo alizikusanya, na katika mihadhara iliyofuata akawasomea yale waliyoyaandika wenyewe, bila kumtaja mtu.

Somo la fasihi ya Kiingereza wakati huo lilikuwa bado changa. University College ya London ilikuwa na profesa wake tangu mwaka 1828, Oxford ikaliundia taaluma yake mwaka 1894, nayo Cambridge ikalitengea mtihani wake mahsusi mwaka 1917. Na walimu wake wa mwanzo aghalabu waliegemea Kiingereza cha kale na sira za watunzi, kwani uwezo wa kusoma shairi ulidhaniwa kuwa ni tabia ya kila muungwana, isiyohitaji kufunzwa. Richards hakulelewa katika fani hiyo. Alisomea falsafa, na yasemekana alikwisha kata shauri kwenda kuwaongoza wapanda milima katika kisiwa cha Skye, hata mwalimu Mansfield Forbes alipomvuta kwenye kazi ya kufundisha.

Matokeo ya jaribio lake, aliyoyatangaza mwaka 1929 katika kitabu kiitwacho Practical Criticism, yalikuwa fedheha. Mashairi yalikuwa 13, na wasomaji wengi wao walikuwa vijana wateule wa skuli bora za Uingereza. Lakini soneti ya John Donne iliwashinda wengi wakaibeza, na shairi la Longfellow, ambaye jina lake lingewatia adabu lau lingeandikwa juu ya karatasi, lililaumiwa na takriban wote. Wako walioshindwa kutambua hata nani anasema na anamwambia nani. Wako ambao shairi liliwakumbusha msiba au safari yao, wakaihukumu kumbukumbu hiyo badala ya shairi. Wako waliotafuta itikadi yao tu. Na wako waliokagua vina na mizani kama karani wa forodha akaguavyo shehena, wakiviona vimetimia wakaridhika.

Katika kuyaainisha makosa hayo ndipo Richards alipoigawa maana mafungu manne: jambo lisemwalo, hisia ya msemaji juu ya jambo hilo, namna anavyomkabili yule anayemwambia, na kusudio lake. Istilahi za uchambuzi zenyewe hazikuwa ngeni: tashbihi na istiari zilijulikana tangu zama za Wayunani, na wanazuoni wa balagha ya Kiarabu walizichambua kwa kina kirefu. Jipya lilikuwa kuzifanya dawa ya maradhi yaliyokwisha pimwa, msomaji aulizwe kwanza amekwama wapi. Mwanafunzi wake, William Empson, alitoa mwaka 1930 kitabu kizima juu ya maneno yenye maana zaidi ya moja, na huko Marekani, mwaka 1938, Cleanth Brooks na Robert Penn Warren walitunga kitabu cha kiada kilichoieneza njia hiyo vyuoni. Ilipofika skulini, kwa maoni yangu, iligeuzwa juu chini: mtoto huhifadhi orodha ya istilahi kabla ya kukwama popote, na hupata alama kwa kuitaja istiari ambayo haikumtatiza wala kumgusa.

Richards mwenyewe aliondoka Cambridge mwaka uleule wa 1929, akaenda kufundisha Peking. Huko, kama alivyopenda kusimulia, alisomesha riwaya ya Thomas Hardy, Tess of the d'Urbervilles, na alipofika pale bendera nyeusi inapopandishwa kuashiria kwamba Tess amenyongwa, wanafunzi walipiga makofi. Maneno walikuwa wameyafahamu vyema. Walichokuwa wakikingojea tangu mwanzo wa kitabu ni adhabu ya binti asiyemstahi baba yake.