Shamba la ukoo, hati ya mtu mmoja

Kila kampeni ikifika Busia na Malaba, lazima mtu apande jukwaani aahidi kurudisha "ardhi ya babu zenu". Mimi huwa nauliza: kwa kesi gani?

Sheria ya usajili ya 1963 ilileta hati. Familia nyingi zilimwandikisha mtu mmoja, baba au mtoto wa kwanza. Wengine walijua tu shamba ni letu.

1972, Obiero dhidi ya Opiyo: haki za kimila hazimfungi mwenye hati. 1973, Esiroyo: baba Mluhya dhidi ya wanawe, hati ikashinda tena. Yaani mtu ni mgeni kwa shamba alikozaliwa!

Mahakama ya Rufani ililegeza kidogo 1984. Halafu 2018, kesi ya Kiebia, Mahakama ya Juu ikasema wazi: amana ya kimila inamfunga mwenye hati hata kama haijaandikwa.

Lakini soma masharti. Uthibitishe ardhi ilikuwa ya ukoo kabla ya kusajiliwa, na unayemshtaki awe wa ukoo huohuo. Sasa hebu angalia ploti za kando ya barabara ya malori pale Malaba. Ile iliyouzwa kwa mtu wa nje, Kiebia haikusaidii. Hiyo jukwaani hawasemi.